Kasi ya protoni ilivyofichua nyutroni

MNAMO Februari 1932, mwanasayansi James Chadwick wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitangaza kuwapo kwa chembe ambayo hakuna chombo kilichoweza kuinasa. Alichopima ni kasi ya vitu ilivyovigonga.

Mbinu hiyo ni ya kinematiki, yaani elimu ya mwendo. Gololi ikigonga nyingine ya uzito sawa moja kwa moja, yenyewe husimama na iliyogongwa huondoka kwa kasi ile ile. Ikigonga jiwe, jiwe hujongea kidogo tu. Hivyo basi, anayejua mwendo wa kilichogongwa aweza kukadiria uzito wa kilichogonga.

Miaka miwili awali, Wajerumani Walther Bothe na Herbert Becker walikuwa wamegundua kwamba madini ya beriliamu yakipigwa kwa chembe za alfa hutoa mnururisho wenye kupenya mno. Mapema 1932 jijini Paris, Irène Curie na mumewe, Frédéric Joliot, waliona mnururisho huo ukifyatua protoni kutoka kwa nta. Wakadhani ni miali ya gama.

Chadwick hakuridhika. Protoni hizo zilifikia kasi ya kilomita 33,000 kwa sekunde. Ili mwali wa gama uzisukume hivyo, ulihitaji nishati ya elektroni-volti milioni 55. Viini vya naitrojeni vilipopigwa, hesabu ilidai takriban milioni 90. Iweje chanzo kimoja kiwe na nishati mbili?

Utata ulitoweka alipochukulia kwamba mgongaji ana uzito. Naitrojeni, iliyo nzito mara 14 kuliko protoni, iliondoka kwa takriban kilomita 4,700 kwa sekunde, yaani kasi ya protoni ilikuwa mara saba ya hiyo. Kwa kanuni za mgongano, tofauti hiyo huwezekana tu iwapo mgongaji ana uzito unaokaribia ule wa protoni. Kwa kuwa hakuwa na chaji ya umeme, alipita vyomboni bila kuacha alama. Huyo ndiye nyutroni, aliyempa Chadwick Tuzo ya Nobel mwaka wa 1935.

Hadi leo, maabara kama RIKEN ya Japani hutegemea hesabu za aina hiyo. Viini vinavyooza upesi haviwezi kuwekwa kama shabaha, hivyo mpango hupinduliwa: kiini ndicho hurushwa kwenye haidrojeni, na pembe na nishati ya protoni inayochomoka hueleza kilichotukia.