Misali: Kisiwa cha Msala na Wanaokesha na Kasa

Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhr (AS) alifika katika kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Pemba, akawaomba wavuvi msala apate kusali. Hawakuwa nao. Akawaambia kuwa kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Ndipo pakaitwa Misali. Hatukusudii kuithibitisha simulizi hii wala kuikanusha. Tunaitaja kwa kuwa imo vinywani mwa wavuvi, na yaliyotokea Misali hayaeleweki bila ya kuwaelewa wavuvi hao.

Kisiwa hakina wakaazi wa kudumu. Wavuvi hupiga dago siku chache, kisha hurejea makwao. Usiku hupanda kasa na ng'amba kutaga mayai, na hapo ndipo ilipo kazi ya mtaalamu wa viumbe vya bahari. Hukaa gizani bila ya taa, kwani mwanga humfanya kasa ageuke na kurudi majini kabla ya kutaga. Husubiri hadi shimo lichimbwe na mayai yapatayo mia moja yateremke. Ndipo hupima gamba na kutia kibati cha namba katika pezi. Baada ya hapo kiota hulindwa kwa muda wa miezi miwili hivi. Joto la mchanga ndilo linaloamua: ukizidi kuwa moto, majike huwa wengi. Na kitoto kinachokimbilia majini huchukua miaka ishirini au zaidi kabla ya kutaga, hivyo aliyekilinda huenda akastaafu asikione tena. Ujira pekee haumkeshezi mtu namna hiyo. Sharti pawepo mapenzi.

Mapenzi hayo yalikutana na mtihani wa baruti. Tumbawe kubwa la mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Mlipuko mmoja huvunja kazi ya karne. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na sehemu yake ikafungwa kabisa kwa uvuvi. Lakini mstari uliochorwa katika ramani ni kitu gani kwa baba ambaye watoto wanamngoja na chungu kitupu? Doria nazo zina gharama, na bahari ni pana.

Ndipo alipokuja Fazlun Khalid, mzaliwa wa Sri Lanka, kutoka taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Birmingham, Uingereza. Pamoja na shirika la CARE, walikaa na wavuvi, masheikh na walimu wa madrasa. Wakazungumzia ukhalifa, amana na israfu, na Aya ya 41 ya Surat Ar-Rum inayotaja uharibifu wa nchi kavu na wa baharini. Wakakumbusha pia kwamba Mtume (SAW) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Eneo lililofungwa likaacha kuwa amri ya ofisini tu. Wavuvi waliozoea kulikwepa katazo la serikali wakakiri kuwa la Mola halina pa kukwepea, na baruti ikapungua.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba hotuba inatosha. Sheikh ataeleza kuwa kumchinja kasa aliyepanda kutaga ni israfu. Ni mwezi gani wanapanda kwa wingi, na wamebaki wangapi, atajua yule aliyekesha pale. Vilevile mvuvi aliyeacha sehemu yake ya kuvulia ana haki ya kupata fungu katika mapato ya wageni wanaokuja kuyatazama matumbawe. Bila ya hilo, tunamtwika yeye peke yake amana ya wote.

Katika nyumba zetu mtoto hodari husukumwa kwenye udaktari au sheria. Wa bahari hatajwi, ilhali Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu mwaka 1978. Watoto wetu wengi humjua changu akiwa ndani ya mchuzi tu.

Kasa jike atakayeanguliwa Misali mwaka huu atarejea kutaga baada ya miongo miwili au mitatu, inshaallah. Atakayempokea gizani kwa kibati na kipimo, kwa sasa yuko chuoni, anasoma Juzuu Amma.