Kibali cha Kujenga Kanisa Misri

Katika vijiji vya mkoa wa Minya, kusini mwa Cairo, yako makanisa ambayo mgeni hawezi kuyatambua. Hayana kuba wala kengele, na mlangoni hakuna msalaba. Ukipita utadhani ni nyumba ya mtu. Ndani watu wamebanana, wengi wao wamechorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Jengo halina kibali.

Ibara ya 64 ya Katiba ya Misri ya 2014 inatamka kwamba uhuru wa imani ni kamili. Ibada na ujenzi wa nyumba za ibada, hata hivyo, vimeachiwa sheria ivipangie utaratibu, na kwa miaka mingi mzigo wa Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, umekuwa kwenye utaratibu huo.

Chanzo chake ni cha kale. Mwaka 1856 sultani wa Uturuki, ambaye Misri ilikuwa chini yake, alitoa amri ya kuwapa raia wasio Waislamu haki sawa, lakini idhini ya kujenga kanisa akaibakiza mkononi mwake. Baadaye mamlaka hayo yakarithiwa na mfalme wa Misri, kisha rais. Mwaka 1934 Wizara ya Mambo ya Ndani iliongeza masharti kumi, yakiwemo umbali kutoka msikitini na kauli ya majirani Waislamu. Hadi miaka ya 1990, hata kukarabati choo cha kanisa kulihitaji saini ya rais!

Sheria namba 80 ya 2016 ilileta nafuu ya kweli. Gavana wa mkoa anatakiwa kujibu ombi ndani ya miezi minne, na akikataa aeleze sababu. Majengo ya zamani yasiyo na kibali nayo yaliruhusiwa kuombewa kuhalalishwa. Zaidi ya 3,700 yaliombewa, na mengi yamekwisha kuhalalishwa. Lakini sheria hiyo haisemi mwombaji afanye nini gavana akinyamaza, na ukubwa wa kanisa lazima ulingane na idadi ya Wakristo wa eneo husika. Nani anawahesabu?

Nisieleweke kwamba nawalaumu Waislamu wa Misri kwa jumla. Januari 2011, siku chache baada ya bomu kuua waumini nje ya kanisa moja Alexandria, Waislamu walikwenda makanisani usiku wa Krismasi ya Wakopti, wakasimama na majirani zao.

Linaloniuma zaidi ni lile linalotokea kijijini uvumi unapoenea kwamba nyumba fulani inageuzwa kanisa. Umati unakusanyika, mawe yanarushwa, kisha polisi wanafunga jengo kwa sababu za usalama. Wazee wanaitisha kikao cha suluhu. Mara nyingi waliorusha mawe hawafikishwi mahakamani, Wakristo wanatakiwa kusamehe kwa ajili ya amani, na kufuli linabaki mlangoni mwao.