Kuku Akigoma Kutoka Kiotani: Njia Ipi Inagharimu Kidogo?

Anayefuga kuku sita au saba kwenye paseli yake huko Mudzipela, Nyakasanza au Bankoko mjini Bunia anamjua kuku huyu. Ametaga mayai yake 12, mayai yameliwa au yameuzwa, naye bado amekaa kiotani. Unamtoa asubuhi, kabla jua halijakolea amerudi. Ukiingiza mkono anavimba manyoya, anadonoa, anatoa sauti nzito ya kooni. Wiki inapita, nyingine inafuata. Mayai yamekoma, na kiota walichokuwa wakitagia wenzake amekigeuza makao yake.

Ukimweleza jirani, shauri halikosi: mtumbukize kwenye maji, mchomeke unyoya puani, mpeleke sokoni. Kila shauri lina gharama, na watu wengi hawaihesabu. Nitaihesabu hapa, na kipimo changu kitakuwa yai badala ya faranga, kwa sababu bei za Bunia zinafuata barabara. Trei nyingi za mayai zinatoka Uganda, kwa njia ya Mahagi au kwa kuvuka Ziwa Albert. Barabara ya kitaifa namba 27 ikifungwa siku chache tu, bei ya juzi haina maana tena. Basi chukua idadi ya mayai nitakayotaja, uizidishe kwa bei ya yai mtaani kwako leo.

Kuku huyu si mkaidi. Homoni iitwayo prolaktini imepanda mwilini mwake. Imesimamisha utagaji na kumfanya atafute kiota. Manyoya ya tumboni yamepungua, ngozi imekuwa ya moto, na kadiri tumbo linavyogusa kiota chenye joto, ndivyo homoni inavyoendelea kubaki juu. Kuku wa kisasa wa mayai wameondolewa tabia hii kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Wa kienyeji wamebaki nayo, na bila hiyo vijiji vya Ituri visingekuwa na kuku. Hakikisha tu kwamba hujamchanganya na mgonjwa: anayelalia mayai ana macho makali, hutoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kuacha kinyesi kikubwa chenye harufu, kisha hurudi mbio. Anayejikunyata, anayehara majimaji au kupinda shingo ni habari nyingine, na mtenge na wenzake siku hiyo hiyo.

Njia ya kwanza ni kumwacha. Inaonekana haina gharama, nami nasema ndiyo ghali kuliko zote. Kuku wa kienyeji akiwa kwenye siku zake za kutaga hutoa kama yai moja kwa siku mbili, pengine zaidi kidogo. Mwenye mayai chini yake atasimama vifaranga wakianguliwa siku ya 21. Asiye na mayai hana cha kumwambia kazi imekwisha, na anaweza kukaa wiki tano. Ongeza wiki moja au mbili za kurudisha mwili, maana amekuwa akila kidogo sana, na hapo umepoteza mayai kama 20 kutoka kwa kuku mmoja. Tena wenzake hutaga pale pale chini yake. Mayai hayo yakipata joto nusu siku leo na nusu siku kesho huanza kuumba kifaranga kisha yanakufa, na ukiyapeleka jikoni unapasua yai viza mbele ya wageni. Utitiri nao hupenda kiota chenye kuku asiyetoka.

Kumtumbukiza kwenye maji nakushauri uache. Bunia iko kwenye kimo cha mita 1,200 na zaidi, na usiku wetu una baridi. Kuku aliyelowana jioni anaweza kuamka mgonjwa. Dakika chache za maji haziishushi homoni kwa muda wa kutosha, kwa hiyo kesho atarudi kule kule. Kumchomeka unyoya puani ni mateso matupu.

Kinachofanya kazi ni kizimba chenye sakafu ya wazi. Chukua mianzi au vipande vya mbao, vipange na kuacha nafasi ya kidole kati ya kimoja na kingine, au tumia kipande cha wavu mgumu. Kiinue juu ya matofali ili upepo upite chini. Usiweke nyasi wala gunia. Mpe maji, mahindi na kivuli, na kiwe mahali anapowaona wenzake. Tumbo likipoa mchana na usiku, hamu inamtoka. Aliyeanza jana huchukua siku tatu au nne. Aliyekwisha kaa wiki nzima anaweza kuhitaji sita. Mjaribu kwa kumwachia jioni: akipanda kwenye kijiti kulala na wenzake, amepona; akikimbilia kiota, mrudishe. Baada ya hapo hesabu wiki moja hadi mbili kabla ya yai la kwanza. Kwa jumla umepoteza mayai kama saba badala ya 20, na kizimba unacho mwaka mzima. Mabaki ya mbao kwa fundi yanatosha.

Lakini kabla ya kumfungia, uliza unataka nini: mayai au kuku? Ikiwa unataka kuku, huyu aliyegoma kiotani ni mali. Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu, na ndipo wengi wanapokosea.

Kosa la kwanza ni kumwekea mayai ya dukani. Mayai ya trei yanayotoka kwenye mashamba makubwa yametagwa na kuku wasioishi na jogoo. Atayalalia siku 21 kwa uaminifu, na hakuna litakaloanguliwa. Tafuta mayai ya kuku wako mwenyewe mwenye jogoo, au ya jirani unayemwamini, yaliyotagwa ndani ya wiki moja, yaliyokaa mahali pa baridi huku ncha nyembamba ikitazama chini. Usiyaoshe. Kuku wa kienyeji anafunika vizuri mayai 10 hadi 12. Ukimjazia 16, ya pembeni yanapoa kwa zamu na unaharibu yote. Yatie alama ya penseli ili uyatambue mageni yakiongezwa, na yaweke usiku, kwenye pembe kavu isiyofikiwa na panya, paka wala mkono wa mwizi. Majivu kidogo chini ya nyasi husaidia dhidi ya utitiri.

Siku ya saba, usiku, mulika kila yai kwa tochi ya simu. Lenye mishipa myekundu kama mizizi limeshika. Lililo jeupe kabisa ndani litoe. Kama una kuku wawili waliogoma wakati mmoja, waanzishe siku moja. Baada ya kumulika unaweza kukusanya mayai mazima chini ya mmoja, au usubiri waangue wote, uwape vifaranga wote mama mmoja usiku huo, na mwingine umpeleke kwenye kizimba cha mianzi arudi kutaga. Kwa mwenye kuku wachache, hakuna mbinu inayookoa mayai mengi kama hiyo, na haihitaji hata faranga moja.

Sasa gharama. Umeweka mayai 12. Mama atakaa siku 21, kisha atalea wiki nane au zaidi bila kutaga; hayo ni mayai mengine 35 hivi ambayo huyaoni. Jumla karibu 47. Ukipata vifaranga tisa na kuwaachia uwanjani, mwewe, mvua na magonjwa vinaweza kukuachia wanne. Ukiwaweka chini ya kitunga mchana kwa wiki tatu za kwanza, ukiwapa mahindi yaliyosagwa na mchwa au dagaa kidogo, na ukiwachanja, saba kufika ukubwa si ndoto. Tuseme kuku mkubwa anauzwa kwa bei ya trei moja, yaani mayai 30. Wanne ni 120, saba ni 210. Hata ukitoa chakula, faida ipo. Ukiwatenga vifaranga na mama wakishaota manyoya, wiki ya tano hivi, na kuwalaza mahali pakavu pasipo na upepo, mama anarudi kutaga mapema na unapata tena mayai kumi hivi.

Chanjo ndiyo isiyoepukika. Mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle, huweza kumaliza kundi lisilochanjwa kwa siku chache. Ipo chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Inastahimili joto kuliko nyingine, hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku mia na zaidi, kwa hiyo mwenye kuku saba kuinunua peke yake ni kumwaga fedha. Zungumza na majirani wa mtaa, mchange, mchanje siku moja. Gharama kwa kuku inashuka mno.

Na mashine ya kuangulia? Wanaonunua zile ndogo za mayai 50 hivi huangalia bei ya mashine na kusahau umeme. Siku 21 ni saa 504. Mashine iliyoandikwa wati 80, hata kama kifaa cha joto kinawaka nusu ya muda tu, itakula kilowati-saa 20. Umeme wa Bunia tangu zamani umetegemea Budana, kituo cha mto Shari kilichojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na kila mkazi anajua unavyokatika. Kukatika saa nyingi usiku wa baridi kunaweza kuua mayai yote kwa pamoja. Ukitaka sola, mashine hiyo inahitaji karibu wati-saa 960 kwa siku. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hutoa kama 400 au 500. Basi ni paneli tatu, betri ya kubeba usiku, na kidhibiti chaji. Kwa mwenye kuku 40 wanaotaga, au kikundi cha akina mama kilichoungana, inaweza kulipa. Kwa kuku saba sioni. Tena mashine inakuletea vifaranga 40 wasio na mama, na Bunia usiku hao wanataka joto la makaa kwa wiki tatu au nne.

Kuku aliyegoma anakuokolea hayo makaa hata ukinunua vifaranga. Akiwa amekwisha kulalia wiki mbili au zaidi, mtelezeshee chini yake vifaranga vya siku moja usiku, ukiondoa mayai kwa mkono mwingine. Asubuhi utazame: akiwaita na kuwafunika, umepata mlezi, akiwadonoa, waondoe mara moja. Kumi hadi 15 wanamtosha. Kuroiler, kuku wa asili ya India walioenea sana Uganda, hulelewa vizuri namna hii, ingawa wao wenyewe mara chache hulalia.

Kumuuza ni uamuzi wa mwisho, na mara nyingi ni hasara, kwa kuwa wa kienyeji utakayemnunua badala yake atagoma vile vile. Anayestahili kwenda sokoni ni yule anayekula mayai, anayeyaacha katikati ya safari, au anayegoma kila baada ya mayai sita. Wengine hubadilisha na kuku wa kisasa wa mayai. Huyo hutoa mayai 250 na zaidi kwa mwaka, lakini anakula kama gramu 115 za chakula kilichochanganywa kila siku, yaani kilo 42 kwa mwaka, wala hawezi kuishi kwa kuparura uwanjani. Piga hesabu ya bei ya kilo hizo kwanza.

Kwangu mimi mgawanyo wa mwaka uko hivi. Kuku wa kienyeji huchukua miezi sita hivi kufikia ukubwa wa kuuzwa, na bei nzuri ni ya Noeli na Mwaka Mpya. Anayegoma kuanzia mwanzo wa Mei hadi mwanzo wa Juni mpe mayai; wanawe watakuwa tayari Desemba. Mpe tena mara moja baadaye mwaka huo, ukiwa na chanjo mkononi. Akigoma nje ya hapo, mpeleke kizimbani jioni ya kwanza unapomkuta amelala kiotani, maana kila siku unayosubiri ni nusu yai, na siku moja zaidi ya mianzi.