Njia Tatu, Fezi Tatu au Awamu Tatu? Istilahi za Umeme wa Nyumbani

Mwananchi anayetaka kuingiza umeme katika nyumba yake hukutana na swali moja mapema: je, ataka umeme wa njia moja au wa njia tatu? Hivyo ndivyo Shirika la Umeme (TANESCO) linavyoandika katika matangazo yake ya gharama. Fundi wa mtaani, awe Mwanga au Ujiji, aghalabu husema "fezi tatu". Naye mwalimu aliyesomea fizikia kwa Kiswahili huenda akasema "awamu tatu". Kitu ni kimoja na majina ni matatu, na atakayelipia kutoelewana huko ni mwenye nyumba. Yafaa basi tukitazame kitu chenyewe kabla ya kuyapima majina yake.

Umeme uletwao majumbani ni wa mkondo geu, yaani mkondo unaokwenda na kurudi. Hapa kwetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo wa kufua umeme, uwe wa maji au wa dizeli kama ile iliyouangazia mji wa Kigoma kwa miaka mingi, una koili tatu zilizopangwa kuuzunguka mhimili wake. Kila koili hufikia kilele cha nguvu kwa zamu yake, moja baada ya nyingine, kwa tofauti ya sehemu moja ya 150 ya sekunde. Wavuvi wa Kibirizi wataelewa haraka: wapiga kasia watatu wasiopiga kwa pamoja bali kwa kupokezana hukisukuma chombo bila kukishtua, kwa kuwa mmoja anapoinua kasia mwenziwe tayari analivuta. Ndiyo sababu mota ya umeme wa aina hii huanza kuzunguka yenyewe, tena kwa ulaini.

Baina ya waya mmojawapo kati ya hizo tatu na waya wa nyutro kuna volti 230; baina ya waya wowote na mwenziwe kuna volti 400. Wanafunzi huuliza mbona si 460. Jibu ni kwamba vilele havikutani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo 230 haizidishwi kwa mbili, bali kwa kipeuo cha pili cha tatu, ambacho ni 1.73 hivi.

Sasa turudi kwenye majina. "Njia" ni neno zuri la Kibantu, nalo limekwisha kuzoeleka katika karatasi za Shirika. Ila limebebeshwa mizigo mingi. Kisanduku cha kugawia umeme ndani ya nyumba nacho huitwa cha njia nne au cha njia sita, kwa kuhesabu sakiti zinazotoka humo. Swichi ya ngazini, inayowashwa chini na kuzimwa juu, mafundi huiita ya njia mbili. Zaidi ya hayo, mtu akifungua soketi ya kawaida huona nyaya tatu: wa moto, wa nyutro na wa ardhi. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye nyumba aliyehesabu nyaya tatu katika soketi yake anaweza kuamini kwa dhati kwamba anao umeme wa njia tatu, akaenda kununua mota kubwa ya kukamua mawese, kisha akaambiwa haifungiki. Mfasiri anayeandika "nyaya tatu" mahali palipotakiwa "njia tatu" humtia msomaji katika shimo hilohilo, kwani umeme wa njia tatu huingia nyumbani kwa nyaya nne, bila kuhesabu waya wa ardhi.

"Awamu" kwa maana ndilo neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe, kwa kuwa limebeba wazo la zamu na kipindi. Dosari yake ni kwamba siasa imelitwaa: tangu mwaka 2021 tuna Serikali ya Awamu ya Sita, na mtu akisikia "umeme wa awamu tatu" anaweza kudhani ni mradi utakaofika kijijini kwa vipindi vitatu. Kwa darasani linatosha kabisa. Kwa tangazo la ukutani silipendekezi.

"Fezi" limetoka Kigiriki kwa kupitia lugha za Ulaya, na asili yake ni kuonekana. Wanajimu walilitumia kwa sura za mwezi, ambazo sisi tuna maneno yetu kwazo tangu kale. Hata hivyo fundi amekwisha kulipa neno hili kazi ambayo "njia" haiwezi kuifanya: husema "fezi moja imekatika", na kila mtu pale juu ya nguzo anaelewa ni waya upi. Kulifukuza kwa sababu ya ugeni wake kungekuwa kumnyang'anya fundi chombo chake. Kwa hiyo naona "umeme wa njia tatu" ubaki kuwa jina la huduma, na "fezi" liwe jina la kila waya wa moto katika huduma hiyo.

Afisa au mwalimu huulizwa pia kama inafaa kuchagua njia tatu. Nyumba yenye taa, redio, jokofu, pasi na runinga haina haja nayo. Njia moja yenye ampea 60 hutoa kiasi cha kilowati 13.8, nayo ni mengi kwa familia. Wala njia tatu haipunguzi gharama ya matumizi: pasi ya wati 1,000 itakula yuniti moja kwa saa popote utakapoichomeka. Lakini mwenye nyumba wa Ujiji anayetaka kuweka uani mashine ya kusaga, ya kukamua mawese au ya kutengeneza barafu ya samaki, huyo aombe njia tatu, mradi nyaya zote nne zinapita mtaani kwake. Pengine hupita mbili tu, na kuongeza nyingine ni gharama kubwa. Tena asisahau kinga ya mota, kwani fezi moja ikikatika mota huvuma, hupata joto na kuungua.

Limebaki jina la waya wa nne. Wapo wanaofasiri "waya wa kurudishia". Hilo ni kweli kwa njia moja. Kwa njia tatu zilizosawazishwa waya huo haurudishi kitu, maana mikondo mitatu hufutana. Wengine huandika "waya usio na umeme", na tafsiri hiyo inaweza kuua. Waya huo ukikatika katika nyumba ya njia tatu, vyombo vya volti 230 huweza kupokea karibu volti 400, na kipande kilichokatika chenyewe humpiga anayekigusa. Mpaka istilahi bora ipatikane, iandikwe "nyutro", na katika kila onyo lifuatishwe agizo hili: usiguswe kabla ya swichi kuu kuzimwa na waya kupimwa.