Betri ni ya Asubuhi

Jua likishazama upande wa Kajiado, malori ya Emali, mji wa barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, huanza kujipanga kwa ajili ya usiku. Mengine yametoka bandarini Mombasa yakielekea Nairobi, Kampala, Kigali au Goma, mengine yanateremka. Wenye hoteli wanawasha taa, wachoma nyama wanapuliza makaa, na ndani ya kila kebini watu wawili, dereva na taniboi wake (utingo, wangesema Watanzania), wanaigeuza ofisi yao ya mchana iwe chumba cha kulala.

Asiyeijua Ukambani atauliza hapa pana baridi gani. Makueni, kaunti ya Emali, ikitajwa, wengi hukumbuka vumbi, maembe na ukame. Lakini Emali iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti upepo wa usiku hapa haubembelezi, na asubuhi nyingi mawingu hulificha jua mpaka saa nne. Anayeuonja upepo huo vibaya ni dereva aliyepakia Mombasa. Kule Changamwe shati lilimganda mgongoni kwa jasho. Akapita Voi, akapita Mtito Andei, akapanda polepole kupitia Kibwezi, Makindu na Simba, na alipofungua mlango Emali akakuta amevaa nguo za nchi nyingine.

Kwa nini asilale lojing'i? Vyumba vipo, tena vya bei nafuu. Jibu linajulikana na kila mtu barabarani: lori lililoachwa peke yake huamka likiwa jepesi. Dizeli hunyonywa kwa mpira, turubai hupasuliwa, magurudumu ya akiba hutoweka, na betri zenyewe huibwa. Basi watu hulala juu ya mali wanayoilinda. Tena hela za safari zilizookolewa kwenye chumba ni karo ya mtoto au kilo kadhaa za unga nyumbani. Hesabu hii imezaa maisha kamili yenye adabu zake, na mhimili wa adabu hizo ni kauli moja ambayo taniboi mgeni huambiwa mapema: betri ni ya asubuhi.

Maana yake ni ya kihesabu kabisa. Lori kubwa huwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa volti 24. Tuseme kila moja ni ya ampea-saa 150. Mwenye kuzipenda betri zake hazitumii kupita nusu, kwa hiyo usiku mzima ana ampea-saa 75 za kuchezea. Hita ya umeme ya wati 1,000, kama zile zinazowekwa chini ya meza za maofisi ya Nairobi, ingevuta zaidi ya ampea 40, na akiba hiyo ingekwisha katika muda usiofika saa mbili. Kisha kufike alfajiri, stata igune mara moja na kunyamaza, na mtu aanze kuzunguka na nyaya mkononi akigonga milango ya wenzake. Taa ndogo, redio ya chini na kuchaji simu havina neno. Joto ndilo mlafi.

Injini je? Kuiacha ikinguruma huleta joto zuri sana, ila hunywa lita mbili au tatu za dizeli kila saa. Siku hizi malori mengi yana kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti, na mwenye mali akiwa kitandani kwake Nairobi anaweza kuona kwamba gari limewaka saa nane za usiku bila kusogea. Mafuta hayo yatatakiwa maelezo, na neno baridi halijawahi kuwa maelezo yanayokubalika ofisini. Zaidi ya hayo kuna majirani. Anayewasha injini usiku wa manane katikati ya malori ishirini huwaamsha watu wote na kuwajazia moshi, na kesho yake atayasikia maneno pale kwenye chai.

Kejeli ni kwamba malori mengi ya hapa yalianza kazi Ulaya, na baadhi yalikuja na dawa yao. Chini ya kitanda kuna hita ndogo ya dizeli, aina ya Webasto au Eberspächer, ambayo huunguza robo lita kwa saa na kuomba umeme kidogo tu wa kuzungusha feni, usiozidi ule wa balbu moja hafifu. Dereva wa Ujerumani hulala nayo theluji ikianguka nje. Nilizoonyeshwa mimi Emali zilikuwa zimekufa siku nyingi, matundu yake yamejaa vumbi jekundu. Vipuri ni ghali, na mwenye gari haoni sababu ya kufufua hita katika nchi inayokatwa na ikweta. Sidhani kama ameshawahi kulala humo mwezi wa Julai.

Hivyo joto hutafutwa kwingine, na la kwanza ni la miili. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 au 80 hivi. Watu wawili kwa saa nane hutoa zaidi ya nusu ya kile ambacho betri zetu zingeweza kutoa bila kuumia, na hakuna anayewadai. Kazi iliyobaki ni kulizuia lisitoroke. Kebini ni bati jembamba na kioo kikubwa, na kioo ndicho mwizi. Kwa hiyo mapazia huvutwa, kisha katoni zilizokunjuliwa husimamishwa nyuma ya kioo cha mbele. Taniboi mzuri huzikata katoni hizo kwa kipimo mara moja, akazihifadhi nyuma ya kiti, na huona vibaya zikikaliwa.

Kuna suala la kitanda. Cha nyuma ya viti ni cha dereva, hilo halijadiliwi. Taniboi hujilaza juu ya viti vya mbele, gia ikimchoma ubavuni, karibu na kioo, yaani mahali penye baridi kuliko pote. Lakini cheo kina wajibu wake: blanketi zito huwa la taniboi. Dereva anayelala kitandani na blanketi zito pia hupata sifa mbaya kuanzia Mariakani hadi Malaba, na vijana hawadumu naye. Matandiko yenyewe ni mchanganyiko wa mipaka. Emali imekaa pale Ukambani inapokutana na Umaasai, na shuka nyekundu za sokoni zimeingia kwenye kebini za Wakamba, Wakikuyu, Waswahili na Waganda bila kuuliza kabila. Wazoefu hupenda shuka mbili nyepesi kuliko kitu kimoja kizito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayotunza joto. Wageni hujifunika juu na kusahau chini. Kiti cha lori hunyonya joto la mgongo usiku kucha, na gunia kavu au kipande cha sponji chini ya mtu husaidia kuliko blanketi la pili juu yake.

Halafu wanakuja akina mama wa hoteli, na bila wao mila hii isingesimama. Jioni dereva hasemi anataka chakula cha kumpa joto; anasema, "Mwaitu, leo kuna nini?" Neno hilo la Kikamba, mama yangu, hulitumia hata Mluo na Mnyarwanda. Kuna muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula kinachokaa tumboni mpaka alfajiri. Kuna supu ya mbuzi, na ukiingia kwa wachinjaji wenye mkono wa Kimaasai utaikuta imechemshwa na magome ya olkiloriti, chungu kidogo, inayoteremka kooni kama amri. Chai ya maziwa yenye tangawizi hujazwa kwenye themosi, nusu ya kunywa kabla ya kulala na nusu ya saa kumi alfajiri. Mwishowe huombwa maji moto. Hayachemki, yameachwa yapoe kidogo yasiulainishe mtungi wa plastiki wa lita tano, ambao hufungwa kwa sweta kuukuu na kuwekwa miguuni. Maji hayana mpinzani katika kushika joto, na mtungi ule hutoa lake taratibu mpaka usiku wa manane. Kwa mteja aliyekula pale maji hayo huwa hayana bei, na akilipia, mama huona kama ametukanwa.

Jiko huishia mlangoni. Hili naliandika kwa uzito mwingine. Makaa hayana shida kupatikana Ukambani, jiko la makaa liko kila kibanda, na kishawishi cha kulipandisha ndani ya kebini likiwa limebaki kaa jekundu lisilo na moshi ni kikubwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hupata usingizi mtamu, na basi. Kila msimu wa baridi Kenya husikia habari za familia zilizolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa, na kebini ni ndogo kuliko chumba chochote. Madereva wazee hawaelezi kemia. Husema tu kwamba jiko ni la nje, na kwamba dirisha huachwa wazi upana wa kidole. Upenyo huo hutoa pia mvuke wa pumzi, maana kebini iliyozibwa kabisa huamka ikidondosha maji kwenye dari, na shuka yenye unyevu haina faida.

Pombe nayo ina wafuasi, wakiwemo wenye kaluvu ya kienyeji. Humfanya mtu ahisi moto kwa sababu huileta damu karibu na ngozi, na joto la ndani hupotelea hukohuko. Lakini siku hizi hofu ya Alkoblow, kipima pombe cha polisi barabarani, imefanya kazi ambayo mawaidha ya afya hayakuiweza.

Si jambo jipya kwa Wakamba kulala njiani na mizigo ya watu. Katika karne ya 19 misafara yao ilibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alijulikana kwa misafara hiyo. Wao walilala ndani ya boma la miiba, moto ukiwa katikati. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliibadilisha biashara hiyo na kuacha stesheni, Emali ikiwa mojawapo. Makindu, mwendo mfupi kuelekea pwani, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 huwapa wasafiri chakula na malazi bila malipo, na dereva mwenye mzigo usiotamaniwa na wezi huweza kujipatia kitanda cha kweli huko.

Maisha haya yalikaribia kufa. Mwaka 2019 ilipoamriwa kwamba makontena ya kwenda Nairobi yapande treni ya reli mpya, SGR, miji ya barabarani ililia, na mama wa muthokoi alijua habari za bandari kuliko wachumi. Septemba 2022 Rais Ruto alirudisha shughuli za kukagua na kutoa mizigo Mombasa, na foleni za malori zikarefuka tena. Katikati kulikuwa na mwaka 2020, madereva walipokwama siku kwa siku kwenye mpaka wa Malaba wakisubiri majibu ya vipimo vya korona. Waliopitia foleni ile ndio walimu wa leo wa katoni na mitungi.

Mara mojamoja hupita hapa nyumba za magurudumu za watalii wa Ulaya, zikikunja Emali kuelekea Loitokitok na Amboseli, paneli za sola juu, friji na jiko la gesi ndani. Wenyewe hulalamika kwamba betri haitoshi hita usiku. Taniboi mmoja aliyetazama ndani ya gari mojawapo alitaka kujua jambo moja tu: watu wawili wana nafasi yote hiyo, wanaipashaje moto?

Emali, hata hivyo, ni mlango tu wa baridi. Anayekwenda Uganda atapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, ambako barafu nyembamba si hadithi. Ndiyo maana jioni utawaona madereva wa Pwani mbele ya vibanda vya shuka wakishindania bei kwa Kiswahili cha Mombasa na muuzaji asiyetikisika, naye akiwaambia wakaulize bei ya Eldoret.