Vitabu vya Yadi na Ramani za Grini: Je, Vinamsaidia Mchezaji wa Gofu wa Ridhaa?

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi ya mashindano, katika viwanja vingi vya gofu, si ajabu kumwona mchezaji wa ridhaa amesimama kando ya mpira wake akiwa na kijitabu mkononi, akikigeuza huku na huku kama msafiri asomaye ramani ya mji mgeni. Ndani ya kijitabu hicho mna michoro ya mashimo 18, umbali kutoka kila alama hadi kwenye grini, na pengine mishale midogo inayoonesha upande ambao grini imeinamia. Wenzake wanasubiri, na kundi linalofuata limekwisha kufika nyuma yao.

Swali linalozuka ni hili: je, mkwaju atakaoupiga utakuwa bora kwa sababu ya kijitabu hicho? Jibu lina uzito wake. Vitabu hivi hununuliwa kwa fedha, husomwa kwa muda ambao ni wa wachezaji wote walio uwanjani, na vikitumiwa kinyume cha kanuni humgharimu mchezaji mikwaju ya adhabu. Aidha, kijana anayejifunza mchezo huu kwa fimbo za kuazima anastahili kujua iwapo anachokikosa ni kitabu au ni mazoezi.

Asili ya vitabu hivi

Kwa miaka mingi wachezaji walikadiria umbali kwa macho na kwa uzoefu wa makedi, yaani wabeba mifuko ya fimbo. Mwaka 1961, katika mashindano ya ridhaa ya Marekani yaliyofanyika Pebble Beach, California, Jack Nicklaus alifuata ushauri wa mchezaji mwenzake Deane Beman, akapima uwanja kwa hatua za miguu na kuandika umbali kwenye karatasi. Nicklaus alitwaa ubingwa huo, na desturi ya kuhesabu yadi ikaenea. Inafaa kukumbuka kwamba wote wawili walikuwa wachezaji wa ridhaa wakati huo. Kitabu cha yadi, kwa hiyo, hakikuanza kama kifaa cha wanaolipwa pekee.

Kitabu cha kusoma grini ni cha baadaye. Hicho hutengenezwa kwa vipimo vya leza vinavyonasa miinamo ya uso wa grini na kuichora kwa mishale, rangi au asilimia. Kitabu cha yadi humwambia mchezaji yuko mbali kiasi gani na grini au na kikwazo fulani. Kitabu cha grini humwambia mpira utapinda upande gani ukishaanza kubingirika. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yote, kwa kuwa faida ya kimoja si faida ya kingine.

Kanuni zinasemaje

Kanuni za gofu duniani husimamiwa kwa pamoja na R&A yenye makao yake St Andrews, Scotland, na USGA ya Marekani. Taasisi hizo zinashikilia kwamba kusoma mwinamo wa grini ni sehemu ya ustadi wa mchezo, ustadi ambao haupaswi kuhamishiwa kwenye karatasi.

Tangu Januari 1, 2019, chini ya Kanuni ya 4.3, mchoro wa grini hauruhusiwi kuzidi kipimo cha inchi 3/8 kwa kila yadi 5, yaani uwiano wa 1 kwa 480. Kitabu chenyewe hakiruhusiwi kuzidi inchi 4.25 kwa 7, ambayo ni takribani milimita 108 kwa 178. Mchezaji haruhusiwi kukuza mchoro huo kwa kifaa chochote zaidi ya miwani yake ya kawaida. Masharti haya yanamhusu kila mchezaji, wa kulipwa na wa ridhaa.

Kuanzia Januari 2022 iliongezwa kanuni mfano ya kienyeji, iitwayo G-11, inayoipa kamati ya mashindano uwezo wa kuruhusu vitabu vilivyoidhinishwa nayo pekee, ambavyo huonesha grini kwa muhtasari tu. Kanuni hiyo ililenga mashindano ya ngazi ya juu kabisa, na ilianza kutumiwa mara moja na mizunguko mikubwa ya kulipwa, ikiwamo PGA Tour na DP World Tour. Mchezaji wa kawaida wa klabu hafungwi nayo isipokuwa kamati ya mashindano yake imeitangaza. Hata hivyo, anafungwa na Kanuni ya 4.3. Kuivunja mara ya kwanza katika mchezo wa kuhesabu mikwaju ni adhabu ya mikwaju 2. Kuivunja tena katika raundi hiyohiyo ni kuondolewa mashindanoni.

Faida ya kitabu cha yadi

Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye alichambua takwimu za mikwaju mingi ya wachezaji wa viwango mbalimbali, alionesha kwamba takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa kawaida hutokana na mikwaju ya umbali unaozidi yadi 100. Huko ndiko mchezaji wa ridhaa anakopoteza alama, na huko ndiko kitabu cha yadi kinakofanya kazi.

Tuchukue mfano. Bendera iko mita 150 kutoka mpira ulipo. Mbele ya grini pana shimo la mchanga linaloishia mita 138, na grini yenyewe inakwisha mita 165. Mchezaji anayejua umbali wa bendera tu huchagua fimbo ambayo, akiipiga vizuri kabisa, humfikisha mita 150. Lakini mkwaju wake wa kawaida si ule mzuri kabisa. Mara nyingi hupungua kwa mita 10 au 15, na mpira huishia mchangani. Mchezaji anayejua namba zote tatu huchukua fimbo ndefu zaidi kwa namba moja. Akiipiga vizuri, mpira unatua nyuma ya bendera ukiwa bado kwenye grini. Akiipiga vibaya kidogo, unatua mbele ya bendera ukiwa salama. Ustadi wake haujaongezeka, ila uamuzi wake umekuwa bora.

Hivyo basi, kwa mchezaji wa ridhaa, thamani ya kitabu cha yadi haimo katika usahihi wa mita moja. Mtu ambaye mikwaju yake ya fimbo ileile hutofautiana kwa mita 20 hana haja ya kujua kama amebakiza mita 147 au 148. Anachohitaji ni kujua hatari iko wapi, mbele pamekwisha wapi na nyuma kuna nini. Vipimo vya leza na saa zenye mfumo wa satelaiti, ambavyo tangu 2019 vinaruhusiwa isipokuwa kamati imevikataza, hutoa namba hizo kwa haraka. Hata hivyo, kipengele cha kufidia mwinamo katika vifaa hivyo hakiruhusiwi katika mashindano ya kawaida.

Tahadhari mbili zinawahusu wachezaji wa Afrika Mashariki. Ya kwanza ni kipimo: yadi 150 ni mita 137 tu, na anayechanganya vipimo hivyo hukosea kwa zaidi ya fimbo moja. Ya pili ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Hewa ya Arusha, mji ulio takribani mita 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam; mpira uleule, kwa fimbo ileile, huruka mbali zaidi. Kitabu kitaonesha umbali wa ardhi kwa usahihi, lakini marekebisho ya hewa ni kazi ya mchezaji.

Ramani ya grini na mipaka yake

Kwa upande wa grini, hesabu ndogo inatosha kuonesha ugumu uliopo. Kwa uwiano wa 1 kwa 480, grini yenye urefu wa mita 30 huchorwa kwa milimita 62.5. Mita moja ya grini inakuwa takribani milimita 2 za karatasi. Shimo lenyewe, ambalo kipenyo chake ni milimita 108, linakuwa chini ya robo ya milimita, yaani dogo kuliko ncha ya penseli. Mchezaji anayekosea nusu mita katika kukadiria mpira wake uko wapi kwenye mchoro anaweza kusoma mshale usio wake.

Kikwazo cha pili ni mkono. Kutoka mita 3, mpira unaoanza safari kwa kupotoka nyuzi moja tu hupita sentimita 5 kando ya katikati ya shimo, ambayo ni karibu nusu nzima ya upana wake. Hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour hufaulu takribani nusu tu ya majaribio yao kutoka futi 8, karibu mita 2.4. Mchezaji ambaye bado hajaweza kuuanzisha mpira kwenye mstari alioukusudia hawezi kunufaika na mstari sahihi aliopewa na kitabu. Tena, kwa mbali, kosa lake kubwa zaidi huwa ni nguvu: mpira hupungukiwa mita 2 au huzidi mita 2, na ramani haimpimii nguvu.

Kikwazo cha tatu ni nyasi. Nyasi za grini nyingi za ukanda wa joto ni za jamii ya ukoka, na aina zilizoboreshwa zilitokana na kuchanganya ukoka wa kawaida na ukoka mwembamba wa Afrika Kusini. Majani yake hulala upande mmoja na kuusukuma mpira au kuuzuia. Ramani ya miinamo haioneshi ulalo wa majani, wala haijui kama grini imekatwa asubuhi hiyo au imenyeshewa usiku. Mwinamo uleule hupindisha mpira zaidi grini ikiwa na kasi, na kidogo ikiwa nzito.

Hii haimaanishi kwamba ramani haina kazi kabisa. Mchezaji mwenye handikapu ya chini, mwenye mkono uliotulia, akiwa ugenini ambako hakupata raundi ya mazoezi, hupata kujua mwinamo mkuu kabla ya kupiga mkwaju wa kukaribia, na hivyo kuuacha mpira upande ambao atasukuma kuelekea juu. Faida hiyo, hata hivyo, huja kabla ya kufika kwenye grini, na muhtasari mfupi unaitosheleza.

Muda, kedi na daftari

Kanuni ya 5.6 inapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40. Mchezaji akitumia sekunde 20 zaidi kusoma ramani katika kila grini, raundi ya mashimo 18 inaongezeka dakika 6 kwa mtu mmoja, na dakika 24 kwa kundi la watu 4.

Aidha, katika viwanja vyetu yupo msomaji wa grini asiyehitaji karatasi. Kedi anayeupita uwanja uleule kila wiki anajua ukoka umelalia wapi, na grini ipi huwa nzito baada ya mvua. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko. Fedha ya kununulia ramani ikiongezwa kwenye malipo ya kedi mzoefu, mchezaji hupata taarifa hai, na maarifa ya uwanja hubaki na thamani kwa wanaoyamiliki.

Njia nyepesi zaidi ni daftari. Mchezaji anaweza kulinunua kwa bei ndogo, akahakikisha halizidi ukubwa unaoruhusiwa, kisha akaandika kwa mkono wake: kila fimbo humfikisha wapi kwa kawaida, hatari za kila shimo ziko umbali gani, na mpira ulipinda upande gani katika kila grini. Kanuni ya 4.3 inaruhusu maandishi ya mchezaji au kedi wake ndani ya kitabu cha kipimo hicho. Palipotangazwa kanuni ya G-11, ni vyema kuiuliza kamati kabla ya raundi kuanza.

Kwa muhtasari, taarifa za yadi humfaa karibu kila mchezaji wa ridhaa, mradi azitumie kukwepa hatari badala ya kutafuta usahihi ambao mkono wake haujaufikia. Ramani ya kina ya grini humfaa mchezaji mmoja mmoja, tena kwa kiasi. Mwenye fedha ya kimoja tu na anunue namba za umbali. Asiye na fedha na ahesabu hatua, aandike, kisha arudi kwenye grini ya mazoezi akiwa na mipira mitatu na jioni nzima mbele yake.