Mwanamke Asafiriye Peke Yake na Habari Aletazo

Wasikilizaji, habari za mwanamke aliyesafiri peke yake katika nchi ya mbali hupendwa sana. Watu humstaajabia kwa ushujaa wake, na kwa sababu hiyo huyaamini upesi yote asemayo. Katika mazungumzo haya nataka kueleza jinsi ya kuzipima habari za namna hii, na nitamalizia katika nchi ya Mbulu na Hanang.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, "peke yake". Mwaka 1891 bibi mmoja wa Marekani, May French-Sheldon, alitoka Mombasa kwenda Kilimanjaro. Mumewe hakufuatana naye, wala hapakuwa na Mzungu mwingine msafarani. Mwaka 1892 alitoa kitabu chake, Sultan to Sultan, akasifiwa kuwa mwanamke aliyekwenda peke yake. Lakini alikuwa na watu zaidi ya 100. Wao walichukua mizigo, walimpikia, walimlinda, na walikuwa ulimi wake mbele ya wenyeji. Hata machela yake ilichukuliwa mabegani mwao. Basi "peke yake" maana yake ilikuwa pasipo Mzungu mwenziwe.

Sasa na twende magharibi, tuvuke Bonde la Ufa. Mlima Hanang umesimama juu ya uwanda, kimo chake zaidi ya mita 3,400. Kaskazini yake ni milima ya Mbulu, bonde la Yaeda, na ziwa Eyasi. Nchi hii ina lugha za ajabu kwa namna zake. Wairaki husema lugha ya Kikushi. Wabarabaig, lugha ya Kiniloti. Wapo pia wasemao lugha za Kibantu. Na Wahadzabe, ambao zamani waliitwa Watindiga, wana lugha yenye vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi kinywani.

Mwaka 1930 Bibi Dorothea Bleek wa Cape Town aliwafikia Wahadzabe karibu na ziwa Eyasi. Alikuwa amepita umri wa miaka 50, wala hakuolewa maishani mwake. Alikuwa amejifunza lugha za Wasan wa Afrika ya Kusini, kazi aliyoirithi kwa baba yake, Wilhelm Bleek, na mama yake mkubwa, Lucy Lloyd. Mwaka 1931 alichapisha habari za lugha na desturi za Wahadzabe.

Kwa ajili ya vidoko, Bibi Bleek alidhani ya kuwa Kihadzabe ni ndugu wa lugha za Wasan. Wataalamu wengi wa leo hawakubali. Wao husema lugha hii haijaonekana kuwa na ndugu popote. Basi dhana yake imeachwa, bali maneno aliyoyasikia na kuyaandika yangali yakisomwa. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa Wahadzabe wote hawazidi sana watu 1,000, na lugha ya watu wachache ikipotea hairudi. Na maneno hayo hakuyabuni yeye. Yalitoka vinywani mwa wenyeji waliokubali kuketi na mgeni na kumjibu.

Kwa hiyo, tusomapo au tusikiapo habari za msafiri wa kike, na tuulize mambo matatu. La kwanza: ni nani waliomwongoza, waliomlaza, na waliomfasiria? La pili: lipi aliliona au kulisikia mwenyewe, na lipi alilidhani tu? La tatu: wenyeji walibakiwa na nini alipokwisha kwenda zake?

Maswali haya yawahusu pia binti za Mbulu na Hanang, ambao siku hizi husafiri wenyewe kwa masomo, kazi na biashara, Arusha, Dar es Salaam na ng'ambo. Mwanamke hukaribishwa jikoni na penye wazazi, mahali ambapo mgeni mwanamume hafiki. Kwa hiyo aweza kuleta habari zisizopatikana kwa mwingine. Na azisimulie. Lakini asiache kuwataja waliompa maji na kumwonyesha njia, wala asichanganye aliyoyaona na aliyoyadhani. Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji hawezi kupona ikiwa hata katika hadithi ya mgeni wake hakutajwa.